Kutua Nakuru: Amini Kipimo, Si Macho

Rubani aliyejifunzia Malindi, akija kutua Naishi ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru alasiri ya jua kali, atadanganywa na macho yake mwenyewe. Huku tuko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 26, hewa inakuwa nyepesi kama ya kimo cha futi 8,500. Kipimo kinaonyesha noti 65, kumbe ndege inakwenda karibu noti 74. Ardhi inapita mbio, na mkono unatamani kuinua pua na kupunguza nguvu. Usiusikilize. Shika mwendo ulioandikwa katika kitabu cha ndege yako, kwa kipimo kilekile unachotumia pwani, kisha tenga njia ndefu zaidi ya kusimamia.

Hatari kubwa iko kwenye kona ya mwisho. Kwa kasi hiyo ni rahisi kupitiliza mstari wa njia, na ukipitiliza utashawishika kulaza bawa zaidi ili urudi. Ndege ambayo mabawa yake huacha kuibeba kwa noti 50 ikiwa imenyooka, ikilala digrii 45 huachwa kwa noti 60. Chini hakuna nafasi ya kuiokoa. Mimi husema digrii 30 ziwe mwisho. Zisipotosha, ongeza nguvu, nyoosha mabawa, upande ukajaribu tena.

Amua hilo mapema, kwa sababu injini isiyo na turbo hapa imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Na usisukume mchanganyiko wa mafuta hadi mwisho kwa mazoea ya pwani: injini itazidiwa na petroli wakati unaihitaji zaidi. Pita kwanza juu ya njia kwa kimo salama uangalie nyati, pundamilia, na mwari wanaoruka kutoka ziwani.

Mawingu yakifunika vilima, usishuke kuyachungulia. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi iligonga kilima ikijaribu kutua Marsabit. Watu 14 walikufa, akiwemo mbunge wetu wa Nakuru Mjini, Mirugi Kariuki. Abiria wa heshima wakiwa na haraka, waambie kabla ya kuondoka kwamba huenda mkarudi Uwanja wa Wilson, Nairobi. Beba mafuta ya safari hiyo, hata ikibidi mizigo yao ije kwa barabara.