SOMO LA AFYA: Mashine ya kupumulia imefika nyumbani. Je, inavaliwa?



Katika toleo hili tunawaletea somo linalogusa kazi tunayoifanya pamoja. Mgonjwa wa kukatika pumzi usingizini anachangiwa, mashine ya kumsaidia inanunuliwa, picha ya makabidhiano inapigwa. Miezi miwili baadaye mwanakamati anamtembelea na kuikuta mashine juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. "Ilinishinda," mgonjwa anasema kwa aibu.

Tusilichukue neno hilo kuwa utovu wa shukrani. Hata katika nchi zenye hospitali nyingi na wataalamu wa kutosha, wagonjwa wengi hushindwa kuizoea mashine hii, au huivaa kwa saa chache tu. Basi tujifunze ni nini kinachowashinda, na kamati inaweza kusaidia vipi.

1. Tuufahamu ugonjwa

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu koo hujibana au kuziba kabisa, hewa haipiti kwa sekunde 10 au zaidi, na oksijeni katika damu hushuka. Hapo ubongo humgutusha ili apumue. Anakoroma, ananyamaza ghafla, kisha anashtuka kama aliyekabwa. Wengine nyumbani husema ni jinamizi.

Madaktari huhesabu matukio hayo kwa kila saa ya usingizi. Kwa mtu mzima, 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, na 30 au zaidi ni kali. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki kitu asubuhi. Anayejua ni yule anayelala naye. Mchana husinzia ibadani, kikaoni, na hata akiwa kwenye usukani, ambapo huhatarisha maisha yake na ya abiria. Ugonjwa huu pia huambatana na shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

2. Tuifahamu mashine

Mwaka 1981, Colin Sullivan wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya tiba hii kwa wagonjwa 5. Mashine huvuta hewa ya kawaida ya chumbani na kuisukuma kupitia mrija na barakoa. Msukumo huo hulizuia koo lisizibe. Haiongezi oksijeni, wala haimpumulii mgonjwa, anapumua mwenyewe.

Tukumbuke jambo moja: mashine hii hulishikilia koo wazi kwa muda ule tu inapovaliwa. Akiivua saa saba usiku, koo laweza kuziba tena usiku uleule. Ndiyo maana kuizoea ni sehemu ya tiba yenyewe.

3. Yanayowashinda wagonjwa, na dawa yake

Kuhisi kufunikwa au kukosa pumzi. Hili huwakimbiza wengi katika siku za mwanzo. Mgonjwa aanze mchana, akiwa ameketi na kusikiliza redio. Kwanza aishike barakoa usoni kwa mkono bila kuifunga, kisha aifunge na kuiwasha mashine kwa dakika chache, akiongeza kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza na msukumo mdogo unaopanda polepole. Aonyeshwe namna ya kukitumia.

Hewa kuvuja na uso kuchubuka. Mara nyingi barakoa haimfai, au imekazwa mno. Ipimwe akiwa amelala, kwa kuwa uso hubadilika mtu anapolala. Zipo za kufunika pua tu, za kuingia kidogo puani, na za kufunika pua na mdomo. Ndevu nazo huvujisha hewa.

Pua kuziba na koo kukauka. Chombo cha unyevunyevu cha mashine husaidia. Kitiwe maji ya aina iliyoelekezwa na mtengenezaji, na yabadilishwe kila siku. Pua inayoziba daima itibiwe hospitali. Anayelala mdomo wazi huenda akahitaji barakoa ya kufunika mdomo pia.

Tumbo kujaa hewa. Mgonjwa asibadilishe msukumo kwa kubahatisha. Arudi kwa daktari, kwani huenda unahitaji kurekebishwa.

Mambo ya nyumbani. Mrija upitishwe chini ya ukingo wa chandarua na ukingo uchomekwe vizuri, ili mbu wasiingie. Umeme ukikatika mashine huzima. Panapokatika mara kwa mara, fundi na muuzaji waulizwe kuhusu betri inayofaa. Zaidi ya yote, mke au mume aelezwe somo hili. Mgonjwa anayechekwa kitandani hataivaa.

4. Kazi ya kamati

Kwanza, tusinunue kabla ya vipimo na maelekezo ya daktari. Pili, katika bajeti tuweke pia barakoa ya kubadilisha, vichujio na nauli za kurudi kliniki. Tatu, tupange wa kumtembelea katika wiki ya kwanza, ya pili na ya nne. Asiulize tu, "Mashine ipo?" Aulize, "Jana ulilala nayo saa ngapi?" Mashine nyingi huhifadhi hesabu hiyo. Huko Marekani, kipimo cha bima kinachotumika sana ni saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku. Hicho ni kiwango cha chini. Lengo letu ni usiku mzima.

Kwa wafadhili wanaotaka kutuma mashine zilizotumika: tunawashukuru, lakini tunaomba aina na namba yake zikaguliwe kwanza. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine, kwa kuwa sponji ya ndani ya kupunguza kelele ingeweza kumomonyoka na mgonjwa akaivuta. Barakoa na mrija viwe vipya.

Na akijaribu kwa uaminifu ikamshinda? Asiachwe. Arudi kwa daktari aulize njia nyingine: kifaa cha mdomoni cha kuvuta taya la chini mbele, kulala ubavu, kupunguza uzito, au upasuaji kwa wanaofaa. Pombe na dawa za usingizi hulegeza koo zaidi, hivyo aziepuke, na asiache ghafla dawa aliyoandikiwa bila kumwuliza daktari.

Ndugu zetu, gharama ya mashine hulipwa siku moja, lakini kuizoea huchukua wiki nyingi. Wiki hizo ndizo zinazoamua kama mchango wetu utakuwa tiba au pambo la kabatini.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika eneo letu, nani amepewa mashine, na nani alimtembelea baada ya kukabidhiwa?
2. Je, bajeti yetu inafikia vifaa vya kubadilisha na nauli?
3. Ni madereva wangapi tunaowajua wanaokoroma na kusinzia mchana? Nani atawashauri wakapimwe?