Hesabu ya Siku Salama na Njia za Kuzuia Mimba kwa Vijana

Mwalimu yeyote wa sayansi aliyepata kufundisha mada ya uzazi katika shule ya sekondari anaijua hesabu ifuatayo. Mzunguko wa hedhi ni siku 28; yai hutoka siku ya 14; kwa hiyo siku zilizo mbali na siku ya 14 ni "siku salama". Wanafunzi huinakili hesabu hiyo katika madaftari, huikariri kwa ajili ya mtihani, na baadhi yao huitumia nje ya darasa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini hesabu hiyo, ingawa msingi wake ni wa kweli, haifai kutegemewa na kijana, na kisha kuonyesha jinsi njia nyingine za kuzuia mimba zinavyofanya kazi mwilini.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua kurudi katika shule ya kawaida. Hata hivyo, masomo hukatika, na mwili ambao nyonga zake hazijakomaa hukabili hatari kubwa zaidi wakati wa kujifungua.

Mimba hutungwaje?

Kwa kawaida, katika kila mzunguko yai moja hupevuka katika ovari na kuingia katika mrija wa falopio. Huko huweza kuishi kwa muda wa saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume, kwa upande wake, huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo tendo la kujamiiana lililofanyika Jumatatu laweza kutunga mimba kwa yai litakalotoka Ijumaa. Siku za hatari ni zile 5 zinazotangulia kutoka kwa yai, pamoja na siku yenyewe linapotoka.

Swali basi ni hili: yai hutoka lini? Katika miaka ya 1920 matabibu wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa utafiti wake, waligundua kwamba muda usiobadilika sana ni ule unaofuata baada ya yai kutoka, wala si ule unaotangulia. Yai likisha kutoka, hedhi huja baada ya siku zipatazo 14. Kinachorefuka na kufupika zaidi ni sehemu ya kwanza ya mzunguko.

Kasoro ya hesabu

Tuchukue mfano wa msichana ambaye mizunguko yake minne iliyofuatana ilikuwa ya siku 24, 31, 27 na 36. Tukitoa 14 katika kila mzunguko, tunapata kwamba yai lilitoka siku ya 10, ya 17, ya 13 na ya 22. Kwa kuongeza siku 5 zilizotangulia, siku za hatari zilikuwa hizi:

Mzunguko wa kwanza: siku ya 5 hadi ya 10.
Mzunguko wa pili: siku ya 12 hadi ya 17.
Mzunguko wa tatu: siku ya 8 hadi ya 13.
Mzunguko wa nne: siku ya 17 hadi ya 22.

Tukiziunganisha, hatari imeenea tangu siku ya 5 hadi siku ya 22 bila pengo. Isitoshe, msichana huyo hawezi kujua urefu wa mzunguko alio nao sasa mpaka hedhi inayofuata itakapofika. Hesabu hii huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka tukio ambalo bado halijatokea. Hapa ndipo ilipo kasoro yake, na hakuna umahiri wa hisabati unaoweza kuiondoa.

Mizunguko ya namna hiyo si ugonjwa. Katika miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo, mzunguko huweza kuwa wa siku 21 hata 45. Yai la kwanza laweza hata kutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Kwa hiyo msichana aweza kupata mimba kabla hajaona hedhi kamwe. Kanuni ya kuhesabu siku kwa shanga, inayofundishwa katika baadhi ya kliniki, imewekwa kwa wanawake ambao mizunguko yao ni kati ya siku 26 na 32. Msichana wa mfano wetu hamo.

Njia zinavyofanya kazi

Njia iliyo na uhakika kamili ni kutojamiiana, nayo ni haki ya kila kijana, mvulana kwa msichana. Kwa wale wanaojamiiana, njia nyingi huziba mojawapo ya milango miwili: ama huzuia yai lisitoke, ama huzuia mbegu zisilifikie yai.

Vidonge, sindano na vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono hutumia homoni zinazofanana na zile za mwili. Homoni hizo huweza kuizuia ovari isitoe yai, na huufanya ute wa mlango wa mji wa mimba kuwa mzito ili mbegu zisipite. Vidonge humezwa kila siku. Sindano iliyo ya kawaida huchomwa kila baada ya miezi 3. Vijiti hukaa miaka 3 au 5 kufuatana na aina yake. Kitanzi cha shaba huwekwa ndani ya mji wa mimba, na shaba hiyo huzidhoofisha mbegu zisiweze kulirutubisha yai. Kondomu huzizuia mbegu zisiingie kabisa, tena hukinga Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa. Vijiti, sindano, vidonge na kitanzi havikingi magonjwa hayo.

Takwimu zifuatazo zaonyesha, kwa kila wanawake 100 wanaotumia njia kwa mwaka mmoja katika maisha ya kawaida, wangapi hupata mimba:

Bila njia yoyote: 85
Kumwaga nje: 20
Kondomu ya kiume: 13
Vidonge: 7
Sindano: 4
Kitanzi cha shaba na vijiti: chini ya 1

Msomaji ataona kwamba njia zinazohitaji kukumbukwa kila siku au kila tendo hushindwa zaidi. Mara nyingi kosa ni la usahaulifu, si la dawa.

Kondomu ikipasuka, vipo vidonge vya dharura. Hivyo huchelewesha yai kutoka, na vyafaa kumezwa mapema iwezekanavyo, kabla ya siku 5 kupita. Haviondoi mimba iliyokwisha kutungwa. Aliyelazimishwa hana kosa lolote. Apelekwe kituo cha afya kabla ya saa 72 ili apewe pia dawa za kukinga Virusi vya Ukimwi.

Mashaka yaliyoenea

Wengi huogopa kwamba njia za homoni humfanya msichana kuwa tasa. Sivyo. Baada ya kuacha vidonge, au kuondoa vijiti au kitanzi, uwezo wa kuzaa hurudi upesi. Baada ya sindano waweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, lakini hurudi. Ni kweli kwamba hedhi huweza kubadilika, na wengine huumwa kichwa au kichefuchefu. Ndiyo sababu yafaa kumwona mhudumu wa afya achague njia inayoafikiana na afya ya mtu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, umri mdogo peke yake si sababu ya kitabibu ya kumnyima kijana njia yoyote kati ya hizi. Kujiosha kwa maji ya chumvi baada ya tendo hakusaidii kitu, maana mbegu huingia katika ute ndani ya dakika chache.

Wavulana nao wasidhani kwamba somo hili ni la wasichana. Mbegu ni zao, na kondomu ni wajibu wao. Aidha, sheria ya Tanzania iliyorekebishwa mwaka 2016 humwadhibu anayempa mwanafunzi mimba kwa kifungo cha miaka 30.

Mwalimu atakapoiandika tena ubaoni ile hesabu ya siku 28, tunamwomba aandike kando yake mizunguko minne ya mfano wetu, kisha awaachie wanafunzi wenyewe watafute siku salama iko wapi.

Maswali ya zoezi

1. Mizunguko ya msichana ilikuwa ya siku 23, 29 na 34. Tafuta siku za hatari katika kila mzunguko.
2. Eleza kwa nini siku ya yai kutoka haiwezi kujulikana kwa hakika kwa kuhesabu mbele tangu hedhi iliyopita.
3. Kwa nini kijana anayetumia vijiti hushauriwa kutumia kondomu pia?