Matende: sabuni, kitambaa na macho ya mwenzako

SWALI: Daktari, naishi na mama mkwe wangu, ana matende mguu wa kushoto tangu zamani. Kila baada ya wiki chache mguu unawaka moto, mitoki inamtoka kinenani, homa inamlaza. Ameshachomwa sindano nyingi. Sasa mhudumu wa afya hapa kijijini ameanzisha kikundi cha wenye matende, wanakutana Jumamosi na kuoshana miguu. Mume wangu anasema ni kupoteza muda, majirani wanasema tutaletewa ugonjwa nyumbani. Nifanyeje? – Msomaji, Lindi

JIBU: Mpeleke, na siku ya kwanza kaa naye mpaka mwisho, maana kazi ya siku nyingine zote itakuangukia wewe.

Majirani kwanza. Matende huletwa na minyoo myembamba kama nyuzi inayoenezwa na mbu. Hukaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kwenye damu, ikaiharibu polepole kwa miaka. Maji yakikosa njia hutuama mguuni, na uvimbe hubaki hata minyoo ikishakufa. Hakuna tego alilokanyaga mama, wala mabusha, yanayoletwa na minyoo hiyo hiyo, hayatokani na kunywa madafu, ingawa huku pwani tumelizoea sana neno hilo. Beseni la kuogeshea mguu halimwambukizi mtu matende.

Hizo homa ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi kuliko uvimbe. Wengi hudhani ni minyoo inayoamka. Gerusa Dreyer, daktari aliyewahudumia wagonjwa hawa mjini Recife, Brazil, alisisitiza jambo jingine: mara nyingi ni bakteria wa kawaida, walioingia kwenye ngozi iliyopasuka, hasa katikati ya vidole. Kila homa huuacha mguu mnene na mgumu zaidi. Sindano huizima homa ya leo, lakini ufa ukibaki, nyingine iko njiani.

Kwa hiyo mguu uoshwe kila siku, ikiwezekana mara mbili, kwa maji safi yasiyo ya moto na sabuni ya kawaida. Anzeni juu, mshuke hadi vidoleni, mkipita ndani ya kila mkunjo kwa mkono au kitambaa laini. Dodoki na brashi wekeni mbali. Kisha kukausha, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafuta juu juu, maji yanabaki kwenye mikunjo. Chukua kipande cha khanga kuukuu, kipitishe katikati ya kila kidole, ukigusa bila kusugua, mpaka kitoke kikavu. Ukiona ngozi nyeupe iliyolowa na kuchubuka, hiyo mara nyingi ni fangasi. Paka dawa yake ya zahanati. Msimchanje chale, na msimpe vidonge vya kukojoza, havitibu uvimbe wa aina hii.

Sasa niambie, mwanamke mzee mwenye mguu mzito atainamaje kuona unyayo wake? Hawezi. Kikundi kinaanzia hapo: mwenzake anauinua mguu, anafungua vidole kimoja kimoja, anaona ufa ambao mwenyewe hakuujua. Zahanati haina mtu wa kufanya hivyo kila wiki. Halafu kuna aibu. Wenye matende huacha kwenda arusini, wengine hata msibani. Huko Léogâne, Haiti, wagonjwa nao walikuwa na vikundi vya namna hii. Mtu akikaa na wenye mguu kama wake hana cha kuficha.

Nyumbani, akilala mguu uwe juu kidogo. Matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa miguuni yanatosha. Akisuka ukili, azungushe kifundo na kuinua visigino mara kwa mara. Viatu viwe vipana.

Homa ikija, mazoezi yasimame. Apumzike, anywe maji, mguu upoozwe kwa kitambaa cha maji baridi, na aende zahanati apewe antibiotiki. Akichanganyikiwa, akitapika kila anachokunywa, au homa isiposhuka baada ya siku moja, ni hospitali. Kama hajawahi kupimwa vizuri, mganga athibitishe kwamba ni matende kweli. Miguu yote miwili ikivimba pamoja na pumzi kubana, huenda ni moyo au figo. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda.

Mumeo mwambie ukweli: mguu hautarudi kama ule mwingine. Kipimo ni homa: aziandike kwenye kalenda, kisha aseme mwenyewe kama muda umepotea.

Siku ya kingatiba, ile ya kugawa dawa za minyoo hii, ikifika, mezeni dawa nyumba nzima kama mtakavyoelekezwa, na laleni kwenye chandarua. Na kama kuna mwanamume hapo anayeficha busha, aende hospitali ya wilaya: busha hupasuliwa na mtu akapona.