Je, kitabu cha sungura kinamharibu mwanangu?

*Daktari, binti yangu wa miaka minne kila usiku anataka asomewe Peter Rabbit, yule sungura anayekatazwa bustani ya Bwana McGregor na bado anaingia. Wiki hii amechomoka getini mara mbili. Nikifiche kitabu? Mama, Morogoro*

Mama, unahofia kitabu kinamfundisha ukaidi. Usikifiche. Mtoto wa umri huo hujaribu mipaka hata asiposomewa chochote. Katika kisa hiki anaonja utundu akiwa salama mapajani mwako. Kurudia kisa kilekile humtuliza, kwani anajua sungura atafika nyumbani. Mwandishi wake, Beatrix Potter, alikianza katika barua kwa mtoto mgonjwa mwaka 1893, kikatoka kitabu mwaka 1902, na hakumwachia Peter hivihivi: anapoteza koti na viatu, anarudi hoi, anapewa dawa ya mitishamba huku dada zake wakila mkate, maziwa na matunda.

Tulia pale vifungo vya koti vinaponasa kwenye wavu. Muulize, "Anajisikiaje sasa?" Kisha nyamaza umsikilize. Ukianza kumhubiria, hamu yote itamwisha.

Geti linataka komeo, liwekwe juu asikofikia. Na mtoe matembezi jioni. Mara nyingi mtoto anayechomoka amechoka tu kukaa ndani.

Akiendelea kutoroka, asipoitika akiitwa, au asipoogopa hatari yoyote, mpeleke kituo cha afya wapime usikivu na makuzi yake.