Karoti na Dania katika Bustani ya Mkulima wa Chai
Kijitabu kwa kaya za Kericho na Bomet

Kwa mkulima mdogo wa chai, bustani ya mboga ni ile pembe iliyobaki kati ya nyumba, boma la ng'ombe na mstari wa kwanza wa chai. Hapo ndipo sukuma wiki, saga na managu hubanana, na hapo pia watu hutia karoti na dania, mara nyingi kwenye tuta moja na siku moja. Wiki chache baadaye dania imestawi, lakini karoti ukiing'oa unapata kidole kifupi chenye vidole vingine pembeni. Lawama huenda kwa mbegu, ingawa mara nyingi kosa liko udongoni.

Mimea hii ni ya ukoo mmoja. Ukiiacha itoe maua, yote miwili hufungua miavuli ya vijiua vidogo. Tofauti inayotuhusu sisi ni moja: sehemu tunayokula ya karoti hukua chini ya ardhi, ya dania juu.

Udongo wa chai si udongo wa karoti

Chai hupenda udongo mchachu, wenye pH ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Karoti inataka pH ya 6 au zaidi kidogo. Dania nayo ingependa hivyo, lakini ikipata samadi ya kutosha hutoa majani ya kuridhisha hata pasipo pazuri sana. Katika udongo mchachu madini ya alumini huyeyuka na kuharibu ncha za mizizi. Chai huyavumilia, hata huyahifadhi kwenye majani yake yaliyokomaa. Karoti haina uwezo huo.

Uchachu wenyewe huongezeka kila msimu wa mbolea. NPK 26:5:5 tunayotia kwenye chai ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ya aina hiyo huchachusha ardhi. Kwa hiyo gunia likibaki nusu baada ya kutia chai, usilimalizie kwenye karoti. Utavuna majani marefu ya kupendeza na mizizi yenye nywele. Bustani ikiwa mahali palipong'olewa chai, chukua sampuli ya udongo ipimwe kabla ya kununua mbegu. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, hupima udongo, na afisa wa kilimo wa wadi yako atakueleza pa kuipeleka. Wakikuambia utie chokaa ya kilimo, ichanganye na udongo mapema, mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, kwa kipimo ulichopewa. Usiimwage karibu na chai.

Kuna mahali pengine ambapo mkulima huwa hapaangalii. Karibu kila anayelima chai anajua doa fulani shambani ambapo majani hugeuka manjano, miche hufa, na ukijaza pengo hufa tena. Mara nyingi hapo palikuwa na nyumba zamani. Jivu la moto wa miaka mingi liliondoa uchachu, na chai ikapakataa. Ushauri wetu ni kuacha kubishana na doa hilo. Lilime kwa kina cha futi moja, toa mawe, upande karoti.

Doa hilo usilichanganye na boma kuukuu la ng'ombe. Pale pana rutuba, lakini samadi mbichi au nyingi kupita kiasi hufanya karoti igawanyike miguu. Boma kuukuu lipe dania. Karoti ije kwenye tuta lililotiwa samadi msimu uliopita kwa ajili ya kabichi au viazi, na sasa imeoza na kutulia.

Kupanda

Mbegu za karoti ni ndogo mno, mamia kadhaa kwenye gramu moja, na zikifukiwa zaidi ya sentimita moja nyingi hazitoki. Zichanganye na mchanga mkavu, uzinyunyize kwenye mifereji iliyoachana sentimita 25 hivi, kisha tandaza nyasi nyembamba ili mvua isizisombe. Vumilia: huchukua wiki moja hadi mbili, na kukiwa na baridi hufika tatu. Zikichomoza, ondoa nyasi. Karoti haihamishwi kutoka kitaluni. Mzizi ukishapinda haunyooki tena.

Kile kinachoonekana kama mbegu moja ya dania ni mbegu mbili zilizoshikana. Zisugue kwa chupa hadi zitengane, zitaota vizuri zaidi. Panda kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, maana utaanza kukata majani baada ya wiki tano au sita na tuta moja halidumu.

Wanaopalilia, hasa watoto, waonyeshwe miche. Karoti hutoka na majani mawili membamba kama nyasi, na wengi huyang'oa wakidhani ni magugu. Dania huanza na majani mapana kidogo. Karoti ikifika urefu wa kidole, punguza miche ibaki sentimita tano hadi nane kati ya mmoja na mwingine. Watu huionea huruma miche wakaiacha kazi hii, na hakuna kinachopunguza ukubwa wa karoti zaidi ya huruma hiyo.

Hali ya hewa

Baridi ya huku juu ni rafiki wa yote miwili. Karoti hupata rangi nzuri, na dania hukawia kutoa maua. Ukishuka upande wa chini wa Bomet, kuelekea Longisa, joto na ukame huifanya dania ikimbilie maua kabla hujaikata mara ya pili. Huko ipe kivuli cha migomba na maji jioni.

Janga letu ni mvua ya mawe. Kericho inajulikana kwayo, na katika miaka ya 1960 mashamba makubwa yalijaribu hata kuyapiga mawingu kwa roketi ili kuokoa chai. Mawe yakishuka, dania huchanika na soko lake linaishia hapo: ikate chini, uisubiri ichipue au upande upya. Karoti hupoteza majani tu, mzizi uko salama, nayo huota mengine. Kwa sababu hiyo mwenye tuta moja tu, anayetegemea fedha yake, tunamshauri aanze na karoti, licha ya kusubiri kwake miezi mitatu hadi minne.

Kubadilisha na kuvuna

Bomet haihitaji kuelezwa sana kuhusu kurudia zao moja. Ugonjwa ulioangamiza mahindi mwaka 2011 ulionekana kwanza nchini Kenya huko Longisa, na wakulima walishauriwa kubadilisha mazao. Karoti na dania, kwa kuwa ni ukoo mmoja, hazifuatani kwenye tuta moja. Katikati tia maharagwe au sukuma wiki. Ukiona karoti zenye vinundu kwenye mizizi, hao ni minyoo fundo, na kurudia karoti hapo ni kuwalisha.

Ukivuna karoti, kata majani siku hiyohiyo, kwani huendelea kunyonya maji ya mzizi. Mpe ng'ombe au sungura. Jikoni, ipike na mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A yake.

Miche michache ya dania iache itoe maua: wadudu wanaokula vidukari huyapenda, na mbegu zikikauka ni zako za msimu ujao. Karoti usiihangaikie hivyo. Kwa kawaida hutoa mbegu katika mwaka wake wa pili, na tuta haliwezi kusubiri muda huo wote. Nunua pakiti mpya dukani na uangalie tarehe yake ya mwisho.