Kupima ardhi kabla ya kuchimba kisima

Kisima kikavu hugharimu pesa kama kilicho na maji. Kwa hivyo mkiona mafundi wawili wakipita shambani, kila mmoja na koili ya waya, msidhani wanatafuta dhahabu tu.

Koili ya kwanza hupitishiwa mkondo wa umeme unaobadilikabadilika. Nguvu ya sumaku itokanayo nao huingia ardhini na kuamsha mikondo midogo penye udongo au mwamba unaopitisha umeme; koili ya pili husoma jibu. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Koili zikilazwa umbali wa mita 40, kipimo hufika kina cha takriban mita 60.

Kazi ngumu ni kuelewa jibu. Mwamba wa graniti kule Kuria hupitisha umeme kidogo, hivyo ufa wenye maji hujitokeza. Lakini mfinyanzi nao hupitisha vizuri, na maji ya chumvi vilevile, jambo la kuangaliwa na jirani zetu wa Homa Bay karibu na chemchemi za moto za Homa Hills. Mawe ya shaba ya Macalder pia hupitisha umeme. Namba kubwa peke yake si maji ya kunywa.

Ua wa waya, mabati na nyaya za stima huvuruga vipimo, basi mwonyesheni mpimaji hata mabomba yaliyozikwa. Ripoti yake huhitajika ili Mamlaka ya Rasilimali za Maji itoe kibali cha kuchimba. Someni kama vipimo ni vya shamba lenu, si vya jirani.