Umefanya Kazi Gani?
Kijitabu cha afya kwa wafanyakazi na wakazi wa Mugutha

Mkazi wa Mugutha hafanyi kazi moja maishani. Ujanani hushuka machimboni pande za Juja na Ndarugo kuchonga mawe. Msimu ukifika huingia mashamba ya kahawa kuchuma au kupiga dawa. Mjengo ukichangamka Ruiru huwa fundi, au msaidizi wa fundi. Baadaye hupata kibarua kiwandani Thika, au hufungua kibanda cha kuchomelea mageti kando ya barabara. Waajiri wanaweza kufika kumi, lakini mapafu ni yale yale.

Anapokaribia miaka hamsini anaanza kukohoa. Zahanati inamuuliza kama anavuta sigara, kama nyumbani kuna mwenye kifua kikuu, kama amekonda. Ni maswali ya haki yote. Ila hakuna anayemuuliza juu ya vumbi alilolivuta akiwa na miaka ishirini, na yeye mwenyewe halitaji, kwa kuwa kazi ile aliiacha zamani.

Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Aliwashauri madaktari wenzake wamwulize kila mgonjwa swali moja zaidi: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya mia tatu imepita na swali hilo bado linasahaulika. Kijitabu hiki kinakuomba ulijibu hata kama hujaulizwa.

KWA NINI UGONJWA HUCHELEWA

Jiwe likikuponda mguu, kila mtu anaona, na mnyapara hana pa kujificha. Sumu ya kazini haiji hivyo. Kuna inayodhuru siku hiyo hiyo, kama dawa kali ya kuua wadudu inapomwagika mgongoni. Lakini nyingi hujilimbikiza kidogo kidogo. Madini ya risasi yakishaingia mwilini huhifadhiwa ndani ya mifupa kwa miongo. Nyuzi za asibesto, zile za mabati ya zamani ya kijivu ambayo bado yamo kwenye baadhi ya majengo, huweza kuleta saratani ya utando wa mapafu miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuzivuta. Wakati huo kampuni imefungwa, msimamizi ameshafariki, na aliyekuwa kijana sasa ni babu.

Kwa hiyo kusema "mimi nimefanya miaka mitano na sijaona shida" si ushahidi wa usalama. Miaka mitano bado ni mapema.

VUMBI LA MAWE

Hapa tutakaa zaidi, maana nyumba nyingi kuanzia Nairobi hadi Thika zimejengwa kwa mawe yanayochimbwa ukanda huu, na wanaoyakata ni vijana wetu.

Ndani ya mawe mengi mna madini yanayoitwa silika. Mashine ya kukata inapopita, au kokoto zinaposagwa, silika hupasuka ikawa chembe ndogo mno. Vumbi unaloliona likielea si ndilo baya zaidi. Hilo kubwa hunaswa puani na kooni, ukalitema. Baya ni lile usiloliona, linaloshuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Chembechembe za kinga za mwili hulimeza zikidhani ni kijidudu, zikashindwa kulimeng'enya, zikafa, na mahali hapo pakabaki kovu. Kovu juu ya kovu, mapafu yanakuwa magumu. Ugonjwa huu ni silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la silika katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa uhakika kuleta saratani kwa binadamu.

Tena silikosisi hukifungulia mlango kifua kikuu (TB). Mwenye mapafu yenye silika hupata TB kwa urahisi mara kadhaa kuliko jirani yake, na akiwa pia na virusi vya Ukimwi hatari inazidi. Ndiyo maana mchonga mawe anayekohoa wiki mbili au zaidi asikae nyumbani akinywa tangawizi. Apimwe makohozi, apigwe eksirei ya kifua, na aseme wazi: nilifanya kazi machimboni. Kama amemaliza dawa za TB na kifua bado kinabana, aseme tena, maana huenda magonjwa ni mawili.

Sasa kuhusu maziwa. Kuna waajiri wanaowapa vibarua pakiti ya maziwa jioni "kusafisha kifua", na vibarua huamini wametunzwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Hayafiki kwenye mapafu, wala hayaondoi chembe hata moja ya vumbi. Mwajiri anayetoa maziwa badala ya kupunguza vumbi amepata njia rahisi ya kukwepa gharama. Leso uliyoifunga puani nayo huzuia lile vumbi kubwa tu.

Kinachosaidia ni maji. Jiwe likatwe likiwa linamwagiwa maji, mashine ya kusaga kokoto inyunyiziwe, na sakafu isifagiliwe kavu. Mkataji asimame upande upepo unakotoka. Barakoa ziwe zile za kuchuja vumbi, aina ya N95 au FFP2, zinazokaza usoni, si zile za hospitali za rangi ya samawati; na zibadilishwe, kwani iliyochakaa haikufai kitu. Akina mama wanaouza chai na githeri machimboni wasogeze jiko mbali na mashine. Wao pia wanavuta, na mara nyingi wamebeba mtoto mgongoni.

DAWA, MOSHI NA KELELE

Mpiga dawa shambani huingiza sumu zaidi kwa ngozi kuliko kwa pua. Bomba linalovuja mgongoni, suruali iliyolowa, mkono uliochanganya dawa kisha ukashika mkate: hizo ndizo njia zake. Baadhi ya dawa za wadudu hudhoofisha mishipa ya fahamu. Dalili za siku hiyo ni mate mengi, jasho, kichefuchefu na kuona ukungu. Zikirudi msimu baada ya msimu huweza kuacha maumivu ya kichwa, usahaulifu na ganzi. Wapo wanaodhani ni uchovu. Mjamzito asipige dawa wala kuichanganya. Na mtungi wa dawa, hata ukiuosha mara kumi, usichotee maji.

Kuhusu kuchomelea, IARC ilitangaza mwaka 2017 kuwa moshi wake huleta saratani ya mapafu. Kazi ifanyiwe nje au penye hewa ya kupita, na rangi ya zamani ikwanguliwe kabla ya kuunguza chuma. Miwani ya jua ya sokoni si kinga ya macho.

Viwanda vya nyuzi na nguo vina kisa chao. Vumbi la pamba hubana kifua zaidi siku ya kwanza baada ya mapumziko, halafu hupungua kadiri wiki inavyoendelea. Mfanyakazi husema Jumatatu ni mbaya, Ijumaa amepona. Mwambie daktari hivyo hivyo. Mpangilio huo wa siku ndio unaomwonyesha chanzo. Kelele nazo zina kipimo chake katika kanuni za Kenya za mwaka 2005: wastani usizidi desibeli 90 kwa saa nane. Kipimo cha kawaida cha mfanyakazi ni hiki: ikiwa lazima upige kelele ili mwenzako wa hatua moja akusikie, masikio yako yanaharibika, na uziwi huo haurudi nyuma.

YANAYOKUFUATA NYUMBANI

Sumu ya kazini hupanda boda boda pamoja nawe. Anayevunja betri kuukuu au kufanya kazi na madini ya risasi hubeba vumbi lake kwenye nguo, viatu na nywele, na anayeumia kuliko wote ni mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni. Risasi hupunguza akili ya mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Oga na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Maji pia yataka jicho. Mitaa mingi mipya hapa hutumia visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, na maji ya miamba ya volkano ya ukanda huu yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka, meno ya watoto huwa na madoa ya kahawia na mifupa hukakamaa. Kuchemsha hakuiondoi, huizidisha, maana maji hupungua na floraidi hubaki. Mwombe mwenye kisima aonyeshe matokeo ya maabara.

KARATASI ZAKO

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi, awe mtu yuko hapo kwa muda au kwa kudumu. Kibarua yumo. Vifaa vya kinga hutolewa na mwajiri. Si vya kukatwa kwenye mshahara. Kazi zenye hatari maalumu zina uchunguzi wa afya wa kuanza, wa mara kwa mara na wa kuondoka, kwa gharama ya mwajiri. Omba nakala ya matokeo. Ni habari za mwili wako, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuziona. Penye watu 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi.

Sheria ya mafao ya majeraha kazini, WIBA, ya mwaka 2007 pia, inafidia ajali na vilevile magonjwa yatokanayo na kazi, na kwa ulemavu wa kudumu hesabu hufanywa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Taarifa hupelekwa kwa mwajiri na kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS. Usingoje: madai yana muda wake. Moshi au maji machafu ya kiwanda cha jirani ni jambo la NEMA, mamlaka ya mazingira, na Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi.

Je, haki hiyo hupatikana? Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia kijiji kizima sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024. Ilichukua miaka mingi, na wapo waliokufa wakingoja. Lakini walikuwa na vipimo vya damu vilivyoandikwa, na bila hivyo wasingekuwa na kesi.

Basi nunua daftari. Andika kila kazi uliyowahi kufanya: mahali, mwaka wa kuanza na wa kuacha, ulishika nini, ulivuta nini, nani alikuwa mwenzako. Weka humo kadi za kliniki, picha za eksirei, risiti za mshahara na hata ujumbe wa M-Pesa uliolipwa nao. Ukienda hospitali ya Thika Level 5 au zahanati ya karibu, libebe.